Mwaba Mpundu na Nguzo Zake za Mubanga

Tarehe 30 Juni 1958, Bwana Mwaba Mpundu, mulinzi wa mulango wa depo yetu ya samaki hapa Nchelenge, anapumzika baada ya kutumika miaka ishirini na mbili. Wakubwa wamekwisha kusifu uaminifu wake. Sisi wa biro tumeachiwa kusifu akili yake, kazi ngumu kidogo, kwa sababu itabidi tutaje na ya kwetu.

Alianza mwaka 1936, akapewa koti la mvua na geti. Geti lilikuwa zuri, la mbao nene, na kufuli kutoka Elisabethville. Kilichokosekana ni lupango, uzio wa kuzunguka: kulia kwa geti kulikuwa wazi, na kushoto vilevile. Dereva mwenye adabu alipiga honi, akafunguliwa, akasalimiwa. Asiye na adabu alizunguka. Kwa miaka kumi na saba hakuna hata mumoja kati yetu aliyeona kasoro. Mwaba mwenyewe, akiulizwa kazi yake, alijibu kwamba analinda watu wema.

Nyuma ya geti, kati ya depo na ziwa, ndipo bamama wanapoanika samaki juu ya matete, watoto wao wamelala kando. Mwaka 1953 dereva Kafula, mutu wa haraka, alizunguka geti na kamiyo yake akapita juu ya samaki wa Mama Eneless, mukubwa wa waanikaji. Mama Eneless hakupiga kelele. Aliwakusanya samaki waliopondwa, akawapanga juu ya meza ya karani mukubwa, Bwana Kingsley, akauliza kama kesho ni zamu ya watoto. Bwana Kingsley alifikiri sana, kisha akaagiza kufuli ya pili.

Mwaba alizitazama kufuli zile mbili, akachukua shoka, akaenda porini. Alirudi na magogo ya mubanga, muti mugumu kuliko yote. Aliyakata yafike kiunoni, akayachoma miguu kwa moto na kuyapaka oili chafu ya kamiyo ili muchwa waende kula kwingine, akayazika kulia na kushoto, akiacha nafasi ya mama mwenye kitunga cha samaki kupita bila kugeuka ubavu. Geti, ambalo muchwa walikuwa wamelimaliza, aliliondoa. Pale pake alisimamisha nguzo ndani ya kipande cha bomba, ili ing'olewe kamiyo yenye ruhusa ikitaka kupita. Tulicheka mpaka machozi. Tulisema depo sasa inafanana na muzee aliyebakiza meno machache, na tukajiona watu wa maana kwa kusema hivyo.

Tuliowasahau sisi wote ni wavuvi wa Kilwa, kile kisiwa cha ziwani. Mutu wa Kilwa akivuta mutumbwi wake juu ya muchanga, hufunga kamba kwa chochote kilichosimama. Na desturi ya ziwa hili ni kwamba mutumbwi haufunguliwi ila na mwenyewe. Anayeufungua mwingine ni mwizi. Nguzo ya katikati ilikuwa laini kuliko zote, basi ikapendwa kuliko zote. Siku moja Kafula alikuwa ndani, kamiyo imejaa samaki wabichi, na nguzo imefungwa mutumbwi wa bwana mumoja aliyekwenda harusi bara. Tulikaa kikao juani. Kung'oa nguzo yenye kamba ni kufungua mutumbwi, ao siyo? Tuligawanyika. Mwishowe Bwana Kingsley aliamua kwamba ni kufungua. Mwenye mutumbwi alirudi kesho yake akiimba, na harufu ya samaki ikamupokea njiani.

Kafula aliapa kwamba yeye na wenzake watanunua samaki kule Puta, si kwetu tena. Hapo kicheko kilikwisha, kwa maana depo isiyo na kamiyo ni kibanda tu, na karani wa kibanda hali chakula. Mwaba aliambiwa asubiri soko la juma lijalo lipite, kisha ang'oe nguzo zote na aende kwao. Mama Eneless alisikia, akaja mpaka mulangoni.

"Baba Mwaba, ukiondoa hizo, na mimi naondoa matete yangu."

Hakusema atayapeleka wapi, kwa sababu hakuwa na pengine.

Siku ya soko Mwaba alisimama barabarani. Kamiyo zilipofika, alimuomba Kafula, aliyekuja kuaga tu, azime injini palepale nje, penye udongo mugumu. Mitumbwi ikabaki imefungwa. Bamama walipokea vitunga kwa wavuvi, wakavipitisha kati ya nguzo, mukono kwa mukono. Na mustari ulipokuwa mufupi, makarani tukaitwa kuujaza, na tai zetu shingoni. Tueleze hapa kwamba siku zote kamiyo ikiingia ndani ilizama muchangani, tukaisukuma mpaka jioni, na kusukuma huko tulikuita kupakia. Siku ile Kafula alijaza kamiyo jua likiwa bado juu. Aliizunguka, akatazama mipira ya magurudumu yake, mikavu, akatafuta la kulalamikia.

"Na Puta kuna muchanga," alisema, akapanda.

Juma lililofuata alirudi, wenzake nyuma yake, wakazima injini nje bila kuambiwa. Habari za kung'oa nguzo hazikusemwa tena. Samaki wa bamama hawajapondwa tangu hapo, na watoto wanalala kivulini kando ya matete. Mugeni akituuliza ni nani aliyebuni kupakia nje, sisi wa biro tunatazama ziwa. Mama Eneless ndiye anayemujibu.

Sasa Mwaba anakwenda kwao Mofwe kulima mihogo, na anasema hatalinda kitu isipokuwa usingizi wake. Twatotela mukwai, Baba Mwaba, kwa kazi yako na kwa uvumilivu wako juu yetu. Uishi muzuri, ushibe, uzeeke polepole. Na gari lolote litakalokaribia nyumba yako liwe limekuja kukusalimia, na lisimame nje.