Mpira Uwekwe Usinge

Benchi la kona ya Chemchem, pale njia ya stesheni inapokutana na njia ya sokoni, lilichongwa na Kasimiri mshona viatu mwenyewe, kwa mbao za mninga, ili mteja aliyebaki na kiatu kimoja apate mahali pa kungojea cha pili. Hilo ndilo lililokuwa kusudi lake. Baadaye Saidi muuza kahawa akaliona, akaweka jiko na dele lake pembeni. Na baada ya Saidi wakaja watu wenye viatu vizima, na wengine wasio na viatu kabisa, wakakaa, na hawakuondoka tena. Kila alasiri walikuwapo. Alikuwapo Tobias, tarishi wa Boma, aliyeitwa Karani kwa sababu ya kubeba barua za makarani. Alikuwapo Bundala, aliyepigana Bama, huko Asia, wakati wa vita na kurudi na koti zito asilolivua hata Oktoba, akaitwa Sajini, cheo ambacho jeshi halikumpa. Na alikuwapo Mzee Ngollo, aliyeitwa Kambi, maana baba yake alikuwa mpagazi wa kwenda Ujiji, na yeye mpaka leo hupima kila safari kwa kambi, hata ya kwenda kisimani. Kasimiri hukaa mbele yao juu ya kigoda, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Misumari mdomoni ni sababu nzuri ya mtu kutosema.

Siku hiyo kamati ya mpira ilikuwa inakutana Boma kuamua uwanja. Fainali ya Kombe la Jimbo la Magharibi ilikuwa kati ya Tabora na Kigoma, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kila kitu kilikuwa kimekwisha kujulikana isipokuwa mahali.

— Ni hapa, alisema Tobias. Wala sioni kamati inakutana kwa ajili gani. Reli ya Mwanza inafika hapa. Reli ya Mpanda inafika hapa. Ya Kigoma inafika hapa, ya Dar es Salaam inafika hapa. Hata barua ya mtu wa Mpanda kwenda kwa shangazi yake Mwanza, lazima ilale Tabora. Mimi mwenyewe nimezibeba. Sasa kama barua inalala hapa, fainali italala wapi?

— Fainali si barua, Karani, alisema Bundala.

— Ina tofauti gani? Inatoka kwa watu, inakwenda kwa watu.

— Barua haina winga wa kulia, bwana. Kigoma wanaye Mshale.

Kwa jina hilo, Kasimiri akainama zaidi juu ya kiatu kilichokuwa magotini pake. Kilikuwa kiatu cha mpira cha Masele, fulubeki wa kushoto wa Tabora, ambaye mji mzima ulimwita Kitasa. Meno ya ngozi yanayoshika ardhi yalikuwa yamelika, na Kasimiri alikuwa akichonga mapya, sita kwa kila kiatu, kwa kisu chake kifupi cha ngozi, na kuyapigilia moja moja.

— Pigilia vizuri hayo, Kasimiri, alisema Bundala. Huyo Kitasa ndiye atakayemkaba Mshale. Jino likichomoka, tumekwisha.

Kasimiri akaitikia kwa kichwa.

— Nasikia ni mrefu kama nguzo ya simu, alisema Tobias.

— Nani, Mshale? Ni mfupi, alisema Mzee Ngollo. Anapita chini ya mikono ya watu. Aliniambia mtu wa Usoke.

— Mtu wa Usoke kamwona?

— Kamwona mtu aliyemwona.

— Mimi namshangaa baba yake, alisema Bundala. Mtu umezaa mtoto wa namna hiyo, unakaa kimya, unatuachia sisi tuteseke naye. Kasimiri, wewe si una kijana Kigoma, kwenye bohari ya reli? Hajawahi kukueleza habari za huyu Mshale?

Kasimiri akatoa msumari mmoja mdomoni, akautazama.

— Haniandikii mara kwa mara, alisema, akaurudisha.

Hakusema uongo. Kwa miaka mitano kijana wake alikuwa ameandika barua moja tu, na ilikuwa imefika mwezi uliopita. Ilikuwa fupi. Baba, mimi ndiye wanayemwita Mshale. Fainali ikiletwa Tabora, njoo unione. Modest.

Miaka mitano iliyopita Kasimiri alimshonea Modest viatu vya shule, kazi ya wiki mbili, ngozi nzuri, na kijana akavimaliza kwa mwezi mmoja akipiga mpira nyuma ya misheni. Kasimiri akaenda huko nyuma ya misheni, mbele ya wavulana wote, akauchukua mpira wao, akauchana kwa kisu cha ngozi.   Wiki iliyofuata Modest akapanda treni ya Kigoma, na kisu kikaendelea na kazi, maana mshona viatu hawezi kukaa bila kisu.

Mama yake, Koleta, alikwenda kumwona Pasaka iliyopita. Alirudi na samaki wakavu na maneno machache.

— Nimemwona akicheza, alimwambia mumewe. Anakimbia kama hasira zako. Nenda ukamwone.

Lakini kwenda Kigoma ni kwenda kuomba radhi. Usiku kucha ndani ya treni, na asubuhi mtu mzima ashuke stesheni, asijue aanze na neno gani. Mechi ikiletwa Tabora, hilo ni jambo jingine. Mtu atavuka njia tu, atasimama uwanjani miongoni mwa watu wa mji wake, na hakuna atakayemwuliza amefuata nini. Ndiyo maana kwa mwezi mzima Kasimiri, ambaye hakuwahi kuuliza habari za mpira, alikuwa akiuliza kila jioni kama kamati imeamua.

— Kigoma haifai, alisema Bundala, akiinua kikombe chake apate kahawa nyingine. Nasema kama mtu wa vita. Uwanja wao umeinama kuelekea ziwani. Kipindi cha kwanza wanapanda, kipindi cha pili wanateremka, na wanapoteremka mpira unajiendea wenyewe. Kisha upepo wa ziwa una maji ndani yake. Mpira unalowa ukiwa angani. Golikipa akiudaka, amedaka ndoo.

— Na hapa je? aliuliza Saidi.

— Hapa pia hapafai.

— Ulisema hapa juzi, Sajini.

— Juzi sikuwa nimefikiri. Kitasa anakijua kila kichuguu cha uwanja wetu. Kigoma watalalamika miaka kumi. Uwanja wa haki ni ule ambao hakuna aliyeuona. Timu zote zifungwe vitambaa machoni, zipakiwe kwenye behewa, zishushwe porini alfajiri. Refa awape dira. Bama tulishushwa hivyo, na hakuna aliyelalamika.

— Kwa sababu waliotaka kulalamika walikufa, alisema Saidi.

— Na watazamaji? aliuliza Tobias. Watajuaje mahali?

Bundala akafikiri.

— Watasikia kelele.

— Kelele za nani, nao hawapo?

Mzee Ngollo alikuwa akihesabu kwa vidole. Sasa akakunja vidole vyote.

— Mnahangaika bure, alisema. Kutoka hapa hadi Kigoma, katikati ni Usinge. Kwa kambi ni Usinge, na kwa treni ni Usinge.

— Usinge kuna uwanja?

— Sikusema uwanja, mwanangu. Nimesema mpira uwekwe Usinge. Uwekwe pale stesheni, Jumamosi, jua linapotoka. Timu zote zikae pande mbili. Refa apige filimbi. Sisi tukiufikisha mpira Kigoma, goli. Wao wakiufikisha Tabora, goli.

Benchi zima likamgeukia. Hata Kasimiri aliacha kupiga nyundo.

— Mzee, alisema Tobias taratibu, hiyo ni safari ya siku ngapi?

— Baba yangu kutoka Usinge alifika hapa kwa kambi nane, na alikuwa na jino la tembo begani. Hawa wana mpira tu.

— Na refa?

— Refa apande treni.

— Mpira ukitoka nje?

— Nje ni wapi? Nchi yote ni uwanja.

Bundala akatikisa kichwa, lakini alionekana amependezwa.

— Usiku watalala na mpira, alisema. Lazima wawe na mlinzi.

— Watalala kambini, kama watu, alisema Mzee Ngollo. Na jambo kubwa ni hili, ambalo kamati yenu haitaliona. Watu wanasema fainali ni vigumu kwenda kuiona. Hapa hakuna wa kwenda. Mwanamke wa Urambo atakuwa anapalilia tumbaku yake, ataona vijana ishirini na wawili wanakuja. Atasimama, atawaona, watapita, ataendelea kupalilia. Wa Usoke vilevile. Wewe Saidi hutaacha jiko lako. Kasimiri hataondoka kwenye kigoda. Huyo Mshale, kama kweli yupo, atapita hapa mlangoni, tumwone kwa macho yetu.

Kasimiri akatazama njia, ng'ambo ya kigoda chake. Ilikuwa njia ya vumbi kama siku zote. Mwanamke alipita na debe la maji, kisha baiskeli, kisha mbuzi. Akaendelea kuitazama hata baada ya mbuzi kupita.

Wakati huo treni ya kutoka Kigoma ilikuwa imekwisha kuingia, na watu walikuwa wakitoka stesheni na mizigo. Miongoni mwao alikuja mtu mwenye kofia ya reli na kijidaftari mfukoni. Alikuwa Lugembe, gadi, yaani msimamizi wa treni hiyo, mgeni kwenye benchi. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa mpira hukaa hapa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, alijibu Mzee Ngollo. Kaa. Umefika wakati mzuri, tunapanga fainali.

— Fainali imekwisha kupangwa, mzee. Kamati imetoka sasa hivi, stesheni masta amepigiwa simu. Ni Kigoma.

— Kwa sababu gani? aliuliza Bundala, akisimama na koti lake.

— Mwaka jana ilichezwa hapa. Mwaka huu ni zamu yao. Nasikia walimaliza kabla chai haijapoa.

 Kasimiri alikuwa ameshika jino la sita katikati ya vidole viwili, na hakulipigilia.

— Lakini ya mwaka jana si mliiona? aliuliza Lugembe, akipokea kikombe. Wanasema ilikuwa nzuri.

— Siku hiyo tulikuwa hapa, alisema Tobias. Tulikuwa tunabishana yatafungwa mabao mangapi.

— Kelele tulizisikia vizuri, alisema Bundala.

Lugembe akanywa, akaweka kikombe, akatoa daftari.

— Basi safari hii mtaona kwa macho. Reli wataongeza behewa moja la daraja la tatu nyuma ya treni ya Ijumaa, la watu wa Tabora tu. Stesheni masta anataka hesabu. Hapa niandike wangapi?

Lilikuwa swali dogo kuliko yote yaliyoulizwa pale tangu alasiri. Tobias akatazama viatu vyake.

— Jumamosi kuna barua za Nzega, alisema.

Bundala akashika goti la kulia, kisha akakumbuka, akashika la kushoto.

— Goti hili la Bama. Ndani ya treni halikunjiki.

— Treni hairuhusu kupiga kambi, alisema Mzee Ngollo. Mtu anafika hajui ametoka wapi.

Lugembe akangoja, penseli juu ya karatasi. Kasimiri akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaimimina kwenye kopo.

— Niandike mimi, alisema.

Wote wakamtazama.

— Wewe? alisema Bundala. Wewe mpira unaujulia wapi?

— Jina lako, mzee? aliuliza Lugembe.

— Kasimiri, mshona viatu.

Lugembe akaandika Kasimiri. Kisha akasimamisha penseli, akainua uso, akamtazama mwenye jina, paji la uso, taya, akarudia kulitazama jina.

— Kigoma kuna kijana kwenye bohari yetu anaandikwa Modest Kasimiri, alisema. Ndiye huyo wanayemwita Mshale.

— Ni wangu, alisema Kasimiri.

Saidi alikuwa akimimina kahawa. Ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye sahani, naye hakuona.  Mzee Ngollo alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Ni Bundala peke yake aliyetembea. Alikwenda mpaka kwenye kigoda, akainama kwa goti lile lisilokunjika, akavichukua viatu vya Kitasa. Akageuza kile kilichokwisha, akashika jino la kwanza, akalivuta. Akavuta la pili. Alivuta yote sita, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna lililotikisika. Akachukua kile cha pili, akavuta yale matano.

— Hapa limebaki moja, alisema.

Akamrudishia. Kasimiri akaliweka jino la sita mahali pake, akalipigilia misumari mitatu, akapitisha kidole gumba juu ya vichwa vyake. Kisha akamkabidhi Bundala viatu vyote viwili, ampelekee Kitasa.

— Nieleze jambo moja, mzee, alisema Lugembe, bado na daftari lake. Kule uwanjani wanatenganisha watu. Wa Tabora wanakaa upande wa ziwa, wa Kigoma upande wa mlima. Wewe utakaa wapi?

Hapo benchi lilikuwa na watu watatu waliokuwa na majibu ya kila kitu tangu mwezi uliopita. Kasimiri akamtazama Tobias, na Tobias akamtazama Mzee Ngollo, na Mzee Ngollo akamtazama Bundala, aliyesimama na viatu vya Kitasa vimening'inia kwa kamba zake. Saidi akainamisha dele juu ya kikombe cha mgeni. Ilitoka michirizi miwili, kisha machicha, kisha basi.

Kasimiri akaanza kufungasha. Akaweka nyundo mfukoni mwa begi lake, na uzi, na sindano, na kopo la misumari. Kisu cha ngozi akakifuta kwenye aproni, akakizungushia kitambaa, akampa Saidi.

— Nitunzie mpaka nirudi kutoka Kigoma, alisema.

Kisha akamgeukia Lugembe, akamwuliza treni ya Ijumaa inaondoka saa ngapi.