Nyasi Shingoni mwa Mlimau

Wapendwa, mchungaji kanipa dakika chache na mi ni msemaji sana, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Nimesimama kuwaeleza nilivyoua milimau yangu, na lawama nikamtupia mtu mwingine.

Mnajua nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Tuliporudi Burundi, hapa Butihinda, tulimkuta dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, amelitunza shamba la baba yao miaka yote. Akatugawia nusu bila ugomvi. Mume wangu alipofariki, nikapanda milimau kumi na mmoja, na tumaini langu lote na la watoto lilikuwa pale.

Wifi akawa ananiletea mafungu ya nyasi. Sote hapa tunalima kahawa, tunajua mti hufunikwa nyasi. Basi nikafunika. Ndugu zangu, nilifunika hasa! Samadi, nyasi, samadi tena, mpaka shina likafichika.

Mwaka wa tatu mti mmoja ukachanua kuliko yote. Nikaimba! Haukupita muda ukakauka umesimama. Sikujua kwamba mlimau unaokaribia kufa huweza kuchanua hivyo. Ukafuata wa pili, wa tatu, mpaka mitano. Majani ya manjano, shina linatoa gundi.

Nani aliniletea nyasi? Wifi. Nani angependa shamba limrudie? Nikajijibu mwenyewe. Asubuhi moja bombani, watu wamepanga mabido yao, yale madumu ya maji, nikamwambia, "Nyasi zako zina dawa. We mrozi, unataka nirudi kambini!"

Wifi akachukua bido lake tupu akaondoka. Kuanzia hapo watu wakawa wanakataa kunywa chochote kwake. Kwetu kumwita mtu mrozi, mchawi wa kutilia watu sumu, si mchezo, mnanielewa.

Binti yangu akajifungua huko Gitega, nikaenda kumpelekea chakula cha mzazi, ile desturi yetu ya guhemba. Jirani yake ni baba mmoja Mwislamu, fundi cherehani, ana mlimau uani uliozaa mpaka matawi yameinama. Namkuta amechuchumaa, anaondoa udongo na majani kwenye shina.

"Baba, mbona unauacha uchi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mama, hii si kahawa. Mlimau inataka shingo yake ikuwe wazi, ipate upepo. Ukiifunika, ngozi inaoza pale chini, njo inakufa. Nyasi weka mbali, kadiri ya mkono muzima."

"Na ile gundi?"

"Njo kuoza yenyewe hiyo."

Ee Mungu wangu! Nilikaa chini pale pale.

Niliporudi sikupitia nyumbani, nilikwenda shambani na mzigo wangu kichwani. Nikafukua kwa vidole. Gome la shina lilikuwa laini, linanuka. Nyasi zilikuwa za wifi, lakini mikono iliyozirundika ilikuwa yangu. Nikalia kwa aibu.

Nikakwangua gome bovu, nikasogeza nyasi mbali. Hilo nililifanya siku ile ile. Lakini kwa wifi, wapendwa, nilichelewa siku tatu. Kiburi tu! Siku ya nne nikamkuta anapeta maharagwe, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Hakuacha kupeta.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi simama. Ulinitukana mbele ya watu. Hapa tuko wawili, nani atasikia?"

Alisema kweli. Jumamosi nikayasema hayo hayo bombani, watu wananitazama. Nilipomaliza, wifi akanisaidia kujitwika bido langu.

Milimau sita ingali hai, minne inazaa. Namshukuru fundi yule, namshukuru binti yangu, na ninyi mlioniombea nikiwa nimewaficha ukweli. Funzo langu ni dogo: mti wako ukiugua, fukua kwanza shina lake kabla hujatazama kwa jirani.

Wifi yuko humu ndani. Simtaji jina, mnamjua. Si mrozi, na hakuwa mrozi hata siku moja. Wewe uliyelisikia neno lile kwangu ukalipeleka kwa mwenzako, nakuomba leo urudi kwa njia ile ile, nyumba kwa nyumba, ukaseme nilidanganya. Na kesho, tafadhalini, nendeni mkanywe maji kwake.