Nani Anangoja Mstari Huu? Kwa Mama Jelagat, Mchoraji wa Barafu

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2026, Bi. Bridget Jelagat anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi yetu ya ramani za barafu, hapa jirani na Washington. Safari hii ni kweli. Mara mbili tulishamlia keki ya kumuaga, naye Jumatatu akarudi kazini: kwanza kwa kuwa bahari ilikuwa inaanza kuganda, kisha kwa kuwa ilikuwa inaanza kuyeyuka. Mumewe, Mzee Mutai, amemaliza kujenga nyumba yao Kapsabet, Kenya, na anamsubiri wahamie. Subira huvuta heri, lakini Mzee ameivuta mpaka kamba inataka kukatika.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: meli zinazopita bahari ya Aktiki lazima zijue barafu iko wapi na ni nzito kiasi gani. Sisi tunatazama picha za setelaiti na kuchora mstari unaotenganisha maji na barafu. Barafu tunaipima kwa kumi: kati ya sehemu kumi za bahari, ngapi zimefunikwa. Tatu kwa kumi, meli inapita. Tisa kwa kumi, nahodha ageuze. Mama Jelagat alitoka Nandi akiijua jalidi tu, ule umande ulioganda unaounguza majani ya chai. Leo ramani zake zinatumika kufundishia wageni wa kazi.

Kipimo hicho amekibeba hadi nje ya ofisi. Kanisani Silver Spring, akiulizwa waumini wamefika wangapi, hujibu saba kwa kumi. Kwenye harusi ya binti wa mwenzetu Kuria alifunua sufuria ya pilau, akatangaza mbili kwa kumi, na watu wakakimbilia sahani. Kilichomshinda ni foleni ya magari tu. Anayejua barafu ya Alaska itakuwa wapi keshokutwa hajawahi kubashiri sawasawa atafika kazini saa ngapi kutoka kwake Germantown.

Lakini heshima yake hasa ilitokana na kosa, na mwenyewe ndiye hulisimulia. Oktoba moja, meli ya Kapteni Peterson ilikuwa ikipeleka mafuta kwenye kijiji cha kaskazini ya Alaska kabla bahari haijafunga. Bila mafuta hayo, zahanati ya kijiji ingekaa majira yote ya baridi bila joto. Kwenye picha palikuwa na doa jeusi. Maji yaliyotulia huonekana meusi, na barafu changa vilevile. Mama Jelagat akaamua ni barafu, akachora mstari, meli ikasimama. Kesho yake mawingu yalipofunguka, palikuwa maji matupu, na barafu ya kweli ilikuwa inakuja nyuma ya meli.

Hakumsukumia mtu lawama. Alimpigia Peterson mwenyewe, akamwambia mstari ule ni wake na amekosea, kisha akashinda naye kwenye simu akimtafutia upenyo kandokando ya pwani. Meli ilifika, ikashusha mafuta, ikatoka barafu ikiwa kisogoni. Zahanati ilipata joto lake.

Tangu hapo hachori kabla ya kujiuliza swali moja, na sisi wenzake alituuliza hilohilo kila tulipomharakisha: “Usini-rush, Adela. Nani anangoja hii line?” Ilibidi umtaje mtu: nahodha, mpishi wa meli, muuguzi wa kijijini. Ndipo kalamu ishuke. Tulinung'unika sana, na tulijifunza sana.

Jumatano wiki hii alichora ramani yake ya mwisho. Akachora, akafuta, akachora tena. Jioni ikaingia, bado anafuta. Dunstan, ambaye ndiye anayekirithi kiti chake, akamrudishia swali lake: nani anangoja mstari huu? Mama akageukia dirishani. Kule chini Mzee Mutai alikuwa ameegesha gari, taa zinawaka, amekuja kumchukua. Machozi yakamlenga Mama, kisha akacheka. Akasema, “Mutai.” Akauacha mstari ulivyo, na ulikuwa sahihi.

Asante, Mama, kwa ukali wako, kwa chai yako ya maziwa, na kwa kutufundisha kukubali kosa mapema. Tutakukumbuka kila bahari ikiganda. Tunawaombea wewe na Mzee afya, majirani wema na sufuria kumi kwa kumi. Jumatatu tukikuona hapa, tutakufungia mlango. Anayekungoja amengoja vya kutosha, na njia ni nyeupe, haina barafu.

Adela, kwa niaba ya wenzako wote