Nilipokubali Kufuliwa Khanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Kimuli, asifiwe na kule wodini ambako mimi nilichelewa kumsifu.

Wengi mnanijua. Baba alitangulia, mama akamfuata, nikabaki na wadogo zangu watatu. Niliacha shule darasa la sita nikashika jembe. Kupika, kufua, kuwauguza wengine, hayo nimeyazoea. Kuuguzwa mimi, sikuzoea.

Mwaka jana, mimba ikiwa na miezi saba, nilianza kutokwa damu. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye vibarua vya miwa. Hospitali wakaniambia kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Nilale tu, nisiinuke hata kufua, la sivyo naweza kumpoteza mtoto, na mimi mwenyewe nikaondoka.

Ndugu zangu, mnajua hospitalini kila mgonjwa huja na mtu wa kumuuguza. Wangu angekuwa mdogo wangu Konsolata, lakini alikuwa anaingia mtihani wa kidato cha nne. Nilimkataza asije. Muuguzi alipouliza ndugu yangu yuko wapi, nikasema yuko njiani. Nilidanganya!

Walikuwepo wanafunzi wa uuguzi waliojitolea baada ya vipindi vyao. Waliwasugua migongo akina mama wenye uchungu, wakatuchotea maji sisi tuliolazwa. Mmoja wao, Jovitha, binti wa Muleba, alikuja kitandani kwangu kila siku.

"Shikamoo, dada. Nikufulie?"

"Marahaba. Acha tu, ndugu yangu anakuja."

Kwetu khanga yenye damu haifuliwi na mtu baki, sembuse mtoto mdogo kwangu! Nikazisukuma khanga zangu chafu chini ya kitanda.

Siku ya tatu khanga safi zikaniishia. Nikajikongoja mpaka kwenye karo la kufulia. Sijamaliza kusuuza ya kwanza, damu ikashuka miguuni. Nikashika ukuta. Moyoni nikamwona Konsolata akiitwa kutoka kwenye mtihani aje kunizika! Nikalia, "Yesu, nitumie mtu!"

Aliyetokea ni Jovitha na ndoo yake. Akaita wenzake, nikabebwa kwa machela. Jioni damu ikapungua, na mtoto bado alikuwa anacheza tumboni.

Kesho yake Jovitha akavuta kiti.

"Dada, huyo ndugu yako anakuja kwa magoti?"

Mama wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikalia. Nikamwambia ukweli: hakuna anayekuja, mkubwa ni mimi.

"Ukubwa uuache Kimuli," akasema. "Hapa wewe ni mgonjwa. Khanga ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Siku tatu nilimwomba Mungu msaada, na siku tatu nilikuwa naufukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nililala wiki tano. Wanafunzi wale walipokezana kuniogesha na kunilisha. Walimwaga hata beseni langu, wala hawakukunja uso. Konsolata akafanya mitihani yake yote. Kisha asubuhi moja uchungu ukanishika kabla ya siku niliyopangiwa kupasuliwa. Niliogopa mno! Jovitha akanishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

"Vuta pumzi, dada. Toa. Tena."

Nikamtii, mimi ambaye tangu mama afe sikuwa nimemtii mtu.

Akazaliwa binti, mdogo lakini mwenye sauti! Ndiye huyo anayewasumbua walioketi nyuma. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale mabinti, na wadogo zangu hawakubaki yatima mara ya pili.

Na wewe dada yangu uliyekuja leo na mimba, unayesema utaweza mwenyewe, mtumaini Bwana. Atakayemtuma kwako huenda ni mdogo kwako, huenda humjui hata jina. Mpokee. Na ukiambiwa ulale, mama, lala.