Siku Mionzi Ilipoingia Kwenye Nyonga Yangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, na mimi Goreti, mshonaji wa hapa mtaani Musaga!

Ndugu zangu, mnajua nilikatwa titi kwa sababu ya saratani. Nilidhani yameisha. Kisha nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Nikashindwa kukanyaga cherehani. Mtoto wangu akikaa tu kitandani nilipolala, mi napiga kelele. Kuna siku nilimwomba Mungu anichukue!

Daktari akatuambia saratani imeingia kwenye mfupa, twende Dar es Salaam kwenye mashine ya mionzi.

"Itaondoa saratani?" nikauliza.

"Apana, mama. Itapunguza maumivu, ulale, utembee."

Mume wangu Leonidasi akainamisha kichwa. Lakini mi nikataka kujua: kitu gani hicho kinafika mfupani bila kisu?

Kule wahudumu walinichora alama ya wino kwenye nyonga, wakanilaza, wote wakatoka nje. Nikangoja moto. Nikangoja harufu. Hakuna! Mashine ilivuma kidogo, ikanyamaza. Dada wa mashine aliporudi nikamuuliza, "Mbona sikusikia kitu? Imeingia kweli?"

Akacheka. "Imeingia, mama. Ila inaweza kuuma zaidi kwanza. Vumilia."

Ndugu zangu, iliuma! Nikarudi nyumbani nikisema Mungu amenisahau. Leonidasi akawa ananipa dawa za daktari, ananiimbia mpaka sauti inamkauka. Wiki zikapita. Asubuhi moja niko jikoni nakoroga uji, nikashtuka: nimefikaje huku? Nilikuwa nimetembea bila kumwita mtu! Nikapiga kelele. Leonidasi akaja mbio, sabuni usoni.

"Umeanguka?"

"Apana! Mi niko nasimama!"

Ningewadanganya nikisema nimepona. Saratani bado iko, daktari hakunificha. Lakini maumivu yameniachia, na usingizi umerudi. Mpaka leo najiuliza: Mungu aliiweka wapi nguvu ile isiyoonekana, na watu wakaijuaje? Namshukuru tu, kwa ajili yao na kwa ajili ya mume wangu.

Wewe unayeumia na kunyamaza, sema! Mwambie Mungu, mwambie na daktari. Uliza maswali yako yote, umtegemee Yeye. Na kama huwezi kutoka kitandani, tuma mtu aniite. Mi nitakuja kwa miguu.