Mkono Uliovaa Saa za Watu kwa Miaka Thelathini na Minne

Tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Mkono atafungua mkanda wa saa yake ya mwisho, ataiweka juu ya kitambaa cha kijani, na atakuwa ameitumikia karakana yetu miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku tisa. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe, mimi fundi mikanda ambaye shule niliiacha njiani, na mhasibu alipoikagua alikuta nimekosea siku moja tu.

Kwa vijana walioajiriwa juzi, nieleze. Saa ikishatengenezwa hapa kwetu haiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Huvaliwa kwanza. Mtu anaifunga mkononi siku tatu au nne, anakula nayo, anadeki nayo, anagombana nayo na majirani, na kila asubuhi anailinganisha na saa kubwa ya ukutani. Mtu huyo ndiye Mkono. Matajiri wote wa mji huu ukiwajumlisha, hawajavaa saa nzuri nyingi kama yeye, na yeye hajanunua hata moja. Mkono wake umetulia kiasi kwamba daktari mmoja alimpima mapigo ya moyo mbele yangu, kisha akarekebisha saa yake. Sikusimuliwa, nilikuwepo.

Mwaka wa tano kazini, kazi ilizidi, akaondoka hapa jioni amevaa saa saba, nne kushoto, tatu kulia. Askari akamsimamisha barabarani.

"Mzee, hizi zote za nani?"

"Za watu."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayezivaa."

Alipelekwa kituoni mbio mbio. Mkuu wa kituo akamwamuru akunje mikono ya shati, akazihesabu, akafika ya tatu kutoka kwenye kiwiko, akaacha kuhesabu. Ilikuwa yake. Aliileta kwetu wiki ile ile. Mkono alirudishwa nyumbani kwa gari la polisi, na shemeji yetu, mkewe, hadi leo anasema siku ile ndiyo pekee aliyowahi kufika mapema.

Lakini jina lake hasa limekuzwa na kronografu, ile saa ya kifahari ya mtindo wa zamani, yenye saa ndogo ndani ya saa kubwa na vitufe viwili ubavuni vya kupimia mbio. Kila anayeinunua hurudi wiki ya kwanza akilia kwamba ule mshale mrefu umekufa. Mkono hubonyeza kitufe, mshale unaondoka, mwenyewe anashika mdomo. Mshale ule husubiri kubonyezwa. Mwanasheria mmoja, msomi wa kuogopesha, alirudi mara mbili kwa shida hiyo hiyo. Mara ya pili alikuja amevaa miwani ya jua.

Wenye saa hizi wana maneno kuliko wenye magari, na wote humwambia Mkono. Mama mwoka mikate alimwambia kuwa watu wanadhani saa ile kaachiwa na marehemu mumewe. "Mume wangu hakuvaa saa wala hakuwahi mahali. Hii nimejinunulia kwa mikate yangu, na ninaipimia mikate yangu." Dada mmoja muuguzi anasema ni nzito, inamwachia alama, na akiivua anajiona kama amesahau nguo. Mwanasheria yeye huivaa juu ya mkono wa shati. Asipoonekana nayo, anaona hajavaa.

Sasa nifike kwenye lile la mwezi wa tatu, maana bila hilo mngekuwa mnasoma karatasi ya msiba.

Menejimenti ilikuwa imeleta mashine ya kutikisa saa na kuzipima. Ikabandikwa barua ubaoni: Mkono akistaafu, kiti chake kinaondoka naye. Mashine haili, haiugui, haisimamishwi na askari. Mkono aliisoma akiwa amesimama, akaenda kuosha kikombe chake. Kikombe hicho kimoja alikiosha dakika kumi na moja. Nilimpima.

Wiki ile ile ikawa Siku ya Maoni, tunapowaalika wenye kronografu waje wanywe chai na waseme yaliyo moyoni. Mwaka huu alikuja pia mwakilishi wa watengenezaji, mama mmoja mtaratibu mwenye daftari, kuamua kama uwakala wa kuuza kronografu zao ubaki kwetu au uende kwa wengine. Mwoka mikate alisifu, muuguzi akasifu. Kisha akasimama Kontrakta.

Huyu ni mjenzi wa maghorofa. Mikono yake ni kama makoleo, sauti yake haihitaji spika. Akaitua saa yake mezani.

"Nimekuja kurudisha maiti," alisema. "Mwaka mzima! Naivaa kila siku, inasimama. Nawaletea, mnasema nzima. Naenda nayo nyumbani, inasimama. Mmeniuzia ugonjwa!"

Meneja alitoa jasho hadi kwenye kope. Mashine ilikuwa imeipima saa ile mara tatu, ikatoa cheti safi mara tatu. Mwakilishi akafungua daftari.

Mkono akaichukua ile saa, akaigeuza, akautazama mkanda. Na mimi nikautazama. Mkanda ule niliukata kwa mikono yangu hii, ngozi ya ndama, na ulikuwa umenyooka kama rula. Hakuna tundu lililotanuka. Hakuna mkunjo. Ngozi haijui kusema uongo: saa ile ilikuwa haijavaliwa hata siku mbili. Na kronografu ile haina betri. Hujijaza kwa kutikisika kwa mkono. Ukiivua ukaifungia kabatini, siku ya tatu imelala.

Yaani bwana mkubwa huyu, anayetembea juu ya boriti ghorofa ya kumi na mbili bila kushika kitu, alikuwa anaiogopa saa yake! Alijinyima miaka akaipata, akaifunga kabatini, akawa anaifungulia Jumapili kuitazama.

Nilifungua mdomo nimuumbue mbele ya watu. Mkono akanikanyaga mguu. Mtu wa kilo themanini na tano. Nikafunga.

"Bosi," alimwambia Kontrakta, kwa upole kama anaomba chumvi, "kosa ni letu. Tumeipima kwa mashine, na mkono wangu umeshazeeka. Saa hii inataka mkono mzito kama wako. Tusaidie kazi siku saba. Uivae saiti, usiivue ila kuoga, na kila asubuhi saa moja unipigie simu unitajie inasema saa ngapi."

"Saiti?" Sauti ya Kontrakta ilishuka ghafla. "Kwenye zege?"

"Kwenye zege."

"Ikikwaruzika je?"

"Itakuwa imekwaruzika kazini kwetu."

Kontrakta alimwangalia, akaangalia saa, akaangalia tena ule mkanda. Nadhani pale ndipo alipojua kuwa Mkono anajua. Akatoa mkono, na Mkono akamfungia mwenyewe, tundu la tatu. Mwakilishi akasema ripoti yake itasubiri siku saba.

Siku ya kwanza simu ilikuja kwa kunong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Siku ya tatu nilimsikia nikiwa chumba cha pili: "Inatembea, kaka! Inatembea!" Siku ya tano alikuwa anawapimia mbio mafundi wake wa matofali, vitufe vinalia ka, ka, na mafundi wakatuma ujumbe kuomba tumnyang'anye.

Siku ya saba alikuja na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Mkanda umepinda vizuri, na ubavuni mwa saa kuna mkwaruzo mrefu wa nondo. Mng'arishaji wetu akanyoosha mkono aichukue aufute. Kontrakta akarudi nyuma hatua mbili.

"Usiguse! Huo ni wangu!" Akamgeukia mwakilishi, na mbele yetu sote akakiri mwenyewe habari za kabati, bila kulazimishwa. "Andika hivyo hivyo, mama. Mwaka jana niliinunua. Wiki hii ndiyo nimekuwa nayo." Hata hapa ameniruhusu kuandika, kwa sharti niongeze kwamba ghorofa lake limeisha kabla ya wakati.

Mwakilishi aliandika kurasa nne. Uwakala umebaki. Na katika ukurasa wa nne, meneja ametusomea kwa mdomo wake, ameshauri karakana zao zote za nje ziwe na mtu wa kuvaa, mashine iwe msaidizi wake. Barua ya ubaoni ilibanduliwa siku ile ile, mimi nikiishikilia ngazi.

Walioomba kiti ni kumi na saba. Mkono alitushika vifundo vya mikono mmoja mmoja, amefumba macho, na mwisho akarudi kwa wa sita. Wa sita alikuwa mimi. Kuanzia Jumatatu tarehe mbili Julai, mwenye saa yake aje kwangu, na mwenye wivu akajinyonge na mkanda, ninayo mingi.

Kaka mkubwa, kwa kunifundisha kutazama mkanda kabla ya kumtazama mtu, na kwa ule mkanyago ambao kidole changu cha mguu kinaukumbuka kila mvua inaponyesha, asante. Kwa shemeji aliyevumilia kulala na saa za wanaume elfu tatu, asante zaidi. Karakana nzima inakuombea afya, usingizi mrefu na chai isiyo na haraka. Na asubuhi ukiamka usijue ni saa ngapi, usishtuke, usiulize mtu. Geuka upande wa pili ulale. Kazi ninayo mimi.