Chupa ya Matope ya Kashebere

Sogeeni karibu na kitanda, wanangu. Weye Honoré, zima ile telefone, na weye Olga, acha kulia, sijakufa bado, na leo zamu ya kusema iko yangu peke yangu.

Shamba hili la Kashebere, lenye maji ya moto yanayotoka chini ya jiwe, marehemu papa yenu aliniachia mimi, na shemeji yangu Symphorien alianza kulitamani matanga hayajaisha. Munakumbuka mujukuu wangu Emérita, mutoto wa Olga, ule wa iniversite, alipokuja kuchota matope ya pale ndani ya chupa: siku mbili hazikupita, mugini muzima ukasema mutoto iko muchawi, anafungia roho za mababu. Vijana wakaja na fimbo, wanataka kumufukuza, pengine kumuua. Mulitetemeka wote, hata weye Honoré na kifua chako hicho.

Mimi nilibeba kikapu cha maharagi, nikapita nyumba kwa nyumba, nasikiliza. Tangu usichana wangu ninakula uvumi kama sombe ya majani ya muhogo; najua namna unavyopikwa. Wengine walisema chupa mbili, wengine tatu, na wale wa tatu wote walisikia kwa Mama Claudette, ule anaongezaka chumvi hata kwa salamu. Lakini vinywa vyote vilisema mutoto alishuka majini Jumatano. Uongo! Alishuka Alhamisi. Jumatano mvua ilimuzuia, na safari ile ya Jumatano alikuwa amemuambia muntu mumoja tu.

Kosa lililo katika vinywa vyote lilitoka katika kinywa cha kwanza. Siku ya Mungu, watu wanatoka kanisani, wale vijana wanangoja mulangoni na fimbo zao, nikapaza sauti: «Papa Symphorien, safari ya Jumatano mutoto aliambia weye peke yako; ile mvua haikukulowesha?» Akajaribu kucheka, akashindwa, akakaa chini katika vumbi na suti yake. Fimbo zikaanguka moja moja.

Emérita akanikumbatia: «Koko, hii njo kazi yangu ya labo, kule iniversite!» Kumbe ndani ya mikrobe za matope yale kuna protini, zimepangwa kama shanga kwa uzi, na kila kizazi kinanakili uzi wa muzazi wake, kinakosea kidogo. Ukilinganisha makosa, unajua nani ndugu ya nani, unarudi nyuma mpaka mbele ya ng'ombe kuwako, mbele ya jani kuota, kwa bibi wa wote asiye na jina, aliyependa labda maji ya moto. «Labda», anasema; wenye kusoma hawaapi haraka kama Claudette. Na juzi alinisomea kitabu chao cha wanasayansi: Kashebere imeandikwa mule!

Basi shikeni. Shamba mutalima wote. Jiwe na maji yake ni ya Emérita. Muntu asiuze, muntu asifue na sabuni pale. Symphorien aje kupasha magoti yake, nimemusamehe, lakini mumukumbushe mvua.

Niinueni kichwa... hivyo. Kila mumoja wenu nilimunong'onezea pahali nilificha kikwembe, kitenge changu cha arusi, na kwa kila mumoja nilibadilisha neno moja. Emérita iko na orodha; neno likisikika inje, tutajua lilitoka kinywa gani. Honoré, mbona unatazama chini?

Mungu aliyechemsha yale maji awape joto... muzae, mupatane... Na mukinisimulia, wanangu, koseeni kidogo, kidogo tu... ili watakaokuja nyuma... wanifikie.